Tusimcheke Kijana Anayechonga Rafadha

Miaka michache iliyopita nilipita katika soko la kijiji kimoja cha magharibi mwa Kenya, nikakuta umati umemzunguka kijana aliyedai kuwa ameunda ndege. Chombo chenyewe kilikuwa cha mabomba ya chuma na turubai, na injini ilikuwa ya pikipiki. Mbele yake palikuwa na rafadha, lile panga lizungukalo ambalo wengi wetu huliita propela, iliyochongwa kwa kipande kimoja cha mbao. Wapo waliocheka hadi wakashika mbavu. Wapo pia waliopiga makofi na kuitaka serikali impe mamilioni papo hapo. Mimi nilimwuliza swali moja tu: "Msokoto wa mbao hii uliupimaje?" Akaniangalia kwa heshima, akajibu: "Kwa macho, mzee."

Injini ilinguruma, vumbi likatimka, kuku wakatawanyika, lakini ndege haikusogea hata hatua kumi. Umati ukaondoka ukizomea. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiliwaza jibu la kijana yule, kwa maana ndani yake mna kisa kizima cha namna binadamu alivyojifunza kwenda kwa mitambo, kwanza majini na hatimaye angani.

Rafadha ni kitu cha kudanganya macho. Ukiitazama utadhani ni kibao kilichopindwa tu. Kumbe kila sehemu yake ina kazi na kasi yake. Ncha huzunguka duara kubwa kwa muda ule ule ambao shina huzunguka duara dogo, hivyo ncha huenda mbio zaidi. Kwa sababu hiyo ubapa hauna budi kusimama zaidi karibu na shina na kulala zaidi kuelekea nchani. Tena maji ni mazito kuliko hewa mara 800 hivi, ndiyo maana rafadha ya mashua ni fupi na pana, ilhali ile ya ndege ni ndefu na nyembamba. Anayekosea vipimo hivi hula mafuta bure na kupata kelele.

Waliotutangulia katika kazi hii nao walikosea sana. Josef Ressel alikuwa afisa wa misitu katika milki ya Austria. Mwaka 1827 alipewa hataza ya rafadha ya kuendeshea meli, na mwaka 1829 akaijaribu katika bandari ya Trieste kwa meli ndogo iliyoitwa Civetta. Meli ilikwenda. Kisha bomba la mvuke likapasuka, na polisi wakapiga marufuku majaribio yale. Kosa lilikuwa la bomba, lakini iliyofungiwa ni rafadha.

Miaka michache baadaye, Mwingereza mmoja aitwaye Francis Pettit Smith, ambaye alikuwa mkulima, alikuwa akichezesha kimashua cha mfano katika kidimbwi cha shamba lake huko Hendon, karibu na London. Mwaka 1836 alipata hataza yake. Rafadha yake ya kwanza ilikuwa ya mbao, mfano wa msumari wa hesi wenye mizunguko miwili. Mwaka 1837, akiijaribu kwenye mfereji, iligonga kitu majini na nusu yake ikakatika. Mashua ikazidi mbio! Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini kwa Smith kuvunjika huko kulikuwa ndiko mwanzo. Hakuona haya kukubali kwamba ajali imemfunza jambo ambalo akili yake haikulifikia.

Tofauti ya Smith na Ressel ni kwamba Smith alipata watu wa kumwunga mkono. Wenye fedha walijitokeza, na mwaka 1838 ikashushwa majini meli yake ya Archimedes. Mhandisi Brunel alipoichunguza mwaka 1840, aliacha mpango wake wa magurudumu ya makasia, akaitia rafadha meli kubwa ya chuma ya Great Britain, iliyozinduliwa Bristol mwaka 1843. Mwezi wa Aprili 1845 jeshi la wanamaji la Uingereza likazifunga meli mbili za nguvu takriban sawa, tezi kwa tezi: Rattler yenye rafadha na Alecto yenye magurudumu. Rattler ikamburura mwenzake kinyumenyume huku magurudumu yake yakizunguka kwa nguvu zote.

Hata hivyo, safari ya kujifunza haikuishia hapo. Charles Parsons alipoiunda Turbinia mwaka 1894, akiwa na injini mpya ya tabo, rafadha yake moja ilizunguka kwa kasi mno hata ikafanya viputo vya mvuke majini, ikawa inapoteza nguvu. Hakuongeza moto. Alitengeneza tangi dogo, akavitazama viputo vile vinavyozaliwa, kisha akatia rafadha tisa ndogo kwenye shafti tatu. Mwaka 1897 Turbinia iliwaacha nyuma maafisa wa jeshi la wanamaji kwa kasi ya maili za baharini 34 kwa saa.

Ndipo tunafika kwa ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, mafundi wa baiskeli ambao hawakuwahi kukanyaga chuo kikuu. Walidhani wangeazima kanuni za rafadha kutoka kwa waunda meli. Wakashangaa kukuta kwamba hata hao walikuwa wakienda kwa kubahatisha na kurekebisha. Basi wakaanza wao wenyewe. Walibishana usiku na mchana, hata wakati mwingine kila mmoja akajikuta amehamia upande wa mwenzake. Hatimaye waling'amua kuwa rafadha ni bawa linalozunguka. Tayari mwaka 1901 walikuwa wametengeneza sanduku la kupitishia upepo na kupima humo mabawa madogo ya maumbo mengi. Wakazitumia hesabu zile kuchonga rafadha mbili za mbao, kila moja yenye urefu wa mita 2.6. Injini yao ilikuwa na nguvu za farasi 12 tu. Lakini tarehe 17 Desemba 1903 ilitosha kuinua ndege kwa sekunde 12, umbali wa mita 37 hivi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wachekaji na wapiga makofi kwa pamoja. Anayecheka anasahau kidimbwi cha Smith. Anayepiga makofi naye anasahau sanduku la upepo. Kijana yule hakupungukiwa na ujasiri, wala mamilioni hayangemsaidia siku ile. Alichokosa ni kipimo.

Sikusudii kusema kwamba kila mwenye injini ya pikipiki aachwe aruke. Rafadha inayokatika ni panga lililorushwa, na mamlaka ya usalama wa anga yana haki ya kumzuia mtu asipande chombo kisichokaguliwa. Lakini kumzuia kuruka ni jambo moja, na kumzuia kujaribu ni jambo jingine. Tukiyachanganya, tutakuwa kama polisi wa Trieste.

Taasisi za ufundi zimetapakaa nchini. Yafaa zimfungulie mlango kijana wa namna hii, hata kama hana cheti. Kipimo cha kwanza hakihitaji gharama kubwa. Chombo hufungwa kwenye nguzo imara kupitia mizani ya kuning'iniza, ile ile inayopimia samaki sokoni. Watu husogezwa mbali, asibaki mtu mbele ya rafadha wala ubavuni mwake. Injini ikiwashwa, mizani itasema ni kilo ngapi zinavutwa. Kisha hubadilishwa msokoto, hupimwa tena, na huandikwa daftarini. Mvuto huo wa kusimama si hesabu yote ya kuruka, lakini baada ya rafadha ya kumi kijana hatasema tena "kwa macho, mzee". Atafungua daftari.

Nami nina kosa langu la kukiri. Siku ile niliuliza swali zuri, nikapewa jibu la kweli, kisha nikapanda matatu nikaenda zangu pamoja na waliozomea. Mizani ya samaki ilikuwa hatua ishirini kutoka pale tuliposimama.