Mwezi wa Bondeni Umelala Chali

Msomaji aliyezaliwa pwani kama mimi, akiambiwa kuna mama wa Kiislamu huko Nakuru anayedarizi mwezi na nyota katika foronya za mito, huenda akasema moyoni, "Kuna jipya gani hapo?" Mwezi na nyota tumeuzoea. Umo juu ya minara, umo katika kadi za Idi, umo hata katika makopo ya tende. Nami nilisema hivyo hivyo. Nilikwenda Bondeni kumjulia hali mama mdogo wangu aliyekuwa akisumbuliwa na goti, wala sikwenda kutafuta habari ya gazeti. Nimerudi Mombasa na kitambaa kimoja, na maneno ambayo nimeona nisiyafiche.

Bondeni ni mtaa wa zamani wa Nakuru. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mji ukakua ubavuni mwake. Pamoja na reli wakaja watu wa kila asili, na miongoni mwao Waislamu wa makabila mengi ambao lugha yao ya mtaani ikawa Kiswahili. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, lakini Bondeni mtu bado anaulizwa ni mwana wa nani kabla hajaulizwa anataka nini. Kaskazini unauona mlima Menengai, ambao shimo lake lina kina cha karibu mita 500, na ambao watu wa mji wana hadithi zake za mashetani. Adhana ya alfajiri inakukuta umejikunja ndani ya blanketi mbili, maana mji uko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari.

Mama mdogo aliolewa huko akiwa msichana, na mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori. Tangu alipobaki mjane anaishi kwa sindano. Hushona vitambaa vya viti, vya meza, foronya za mito ya sebuleni, na vya kufunikia masinia ya harusi. Nilimkuta ameketi penye mwanga wa dirisha, mguu mbovu juu ya kigoda, kastabini kidoleni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Usinizibie mwanga."

Ndiyo salamu niliyopata baada ya miaka mitatu.

Kitambaa chake kimefumwa kwa viraba vidogo vidogo, na kila pembe ya kiraba ina tundu. Sindano yake ni butu, kwa kuwa haichomi, inapenya tu. Kila kiraba kinapata mapigo mawili ya uzi, la pili likipita juu ya la kwanza, yakapishana kama alama ya kuzidisha katika hesabu. Wengine huuita mshono wa msalaba. Yeye husema mshono wa kupishana. Kitambaa alichokuwa nacho kina viraba 14 katika kila inchi. Basi mraba wa inchi tano kwa tano una viraba 4,900, na mapigo yake ni 9,800. Msomaji aikumbuke hesabu hiyo siku atakapomwambia fundi kuwa bei yake ni ghali.

Sasa, mwezi ni mviringo, na viraba havijui mviringo. Hapo ndipo nilipoanza kuvutiwa. Mama mdogo huchora kwanza katika daftari la hesabu la mjukuu wake, lile lenye miraba. Hukiweka kisahani cha chai juu ya karatasi akazungusha kalamu, kisha hukisogeza kidogo na kuzungusha tena, na kipande kinachobaki kati ya duara mbili ndicho mwezi mchanga. Baada ya hapo ndipo huanza kuugeuza mstari kuwa ngazi. Chini kabisa mwa duara ngazi huwa ndefu, viraba tisa au kumi kwa safu. Zikipanda huwa tatu, mbili, moja moja. Na ubavuni husimama wima. Ukikosea kiraba kimoja, mwezi huota kibyongo. Mahali penye ukaidi hupiga nusu ya pigo, uzi mmoja tu bila mwenziwe, na jicho la mtazamaji likadanganyika.

Nikamwuliza kwa nini mwezi wake umelala chali, pembe zikitazama juu kama dau lililopwelewa, ilhali miezi mingi ya kwenye bendera na kadi imesimama.

Akanitazama kama mtu aliyepoteza karo yangu. "Wewe mwezi huutazami? Mwezi wa Ramadhani uliupokea kwa redio?"

Haya niliyastahili. Kwa kweli huku kwetu, karibu na Ikweta, mwezi mwandamo jioni ya kwanza hulala. Nakuru haifiki hata nusu digrii kusini mwa Ikweta. Mwezi uliosimama ni mwezi wa watu wa mbali kaskazini au mbali kusini. Tena ule ulio katika bendera ya Uturuki, mgongo kushoto na pembe kulia, huko kwao kaskazini ni sura ya mwezi unaokwisha, unaoonekana alfajiri, si ule wa kufungia saumu. Na ile nyota inayochorwa mara nyingi ndani ya kumbatio la pembe haiwezi kukaa pale, kwa sababu mwezi mzima upo, ila sehemu yake ina kiza. Nyota yo yote iliyo nyuma yake imefunikwa. Mama mdogo hakusoma kitabu cha falaki. Amesimama uani miaka mingi akitazama magharibi, ambako kwa bahati mbaya pana milima ya Mau inayoumeza mwezi mapema. Anajua kwamba Zuhura hukaa nje ya pembe, na nje ya pembe ndiko anakoishona.

Alama hii yenyewe haikushuka na dini. Ilikuwako katika sarafu za mji wa Byzantium karne nyingi kabla ya Uislamu, na sifa yake ya kuwa nembo yetu ilienea zaidi kwa bendera za Waturuki wa Uthmaniya katika karne ya 19. Qurani, katika sura ya Al-Baqara, inaitaja miezi miandamo kuwa ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija. Na katika Fussilat tunakatazwa kulisujudia jua wala mwezi. Basi mwezi kwetu ni saa.

Na kwa habari hiyo ya saa ndipo mama mdogo alipopata msukosuko.

Miezi michache kabla sijafika, bibi mmoja mwenye duka la zawadi alikuja kumwagiza foronya 12, akamlipa nusu ya fedha mbele. Fedha zote zingetosha karo ya mjukuu kwa muhula mzima na kubakiza. Michoro aliitoa katika simu, imekwisha pangwa viraba kwa rangi: mwezi wenye uso wa mwanamke aliyefumba macho, jua lenye nywele, mkono ulio wazi wenye jicho katikati ya kiganja, na buruji za nyota. Wazee wetu wa falaki wana majina yake, Hamali, Thauri, Jauza, Saratani na kuendelea hadi Hutu, kwa hiyo mama mdogo hakushtuka sana. Alishona ya kwanza, ya pili, akafika ya tatu, ile ya mkono. Siku hiyo bibi wa duka alimletea mfuko wa vikaratasi vya kushonea pembeni. Kila kikaratasi kilisema kwamba foronya hii inamkinga mwenye nyumba na husuda na kumletea bahati.

Mama mdogo aliviweka vile vikaratasi juu ya kabati, akalala navyo siku mbili. Ya tatu akachukua wembe na kuanza kulifumua lile jicho.

Wasioshona hawajui kwamba kufumua kunachosha kuliko kushona. Unakata kwa nyuma, unavuta uzi mmoja mmoja kwa ncha ya sindano, na matundu hubaki yamepanuka mpaka kitambaa kifuliwe. Alinionyesha ule mkono. Kiganja kilikuwa kitupu, na ukikitazama upande wa mwanga unaona bado mahali jicho lilipokuwa.

Nitakiri kuwa nilimtetea bibi wa duka. Nilimwambia, "Mama, sisi tuna haki gani ya kusema? Babu si alikuwa na hirizi mkononi? Watoto wetu wangapi wamenyweshwa kombe?" Nilifikiri nimemshika. Akavuta uzi, akaukata kwa meno, kisha akasema polepole:

"Hirizi ya babu yako iliandikwa na mtu aliyekaa naye, akaijua shida yake. Kama lilikuwa kosa, Mungu ni mwingi wa kusamehe. Lakini hii itanunuliwa na mtu nisiyemjua, mwanawe akiugua atasema foronya ipo. Na aliyeishona ni mimi."

Sikuwa na jibu, na hata leo sijalipata.

Tena isidhaniwe kuwa ni mtu wa kukataza kila kitu. Kijana mmoja wa jirani, aliyerudi masomoni na ndevu na bidii, alimwambia kuwa mshono wenyewe haumfai Mwislamu kwa sababu ni misalaba mitupu. Mama mdogo hakubishana. Aligeuza kitambaa. Kazi ya mkono safi, ukiitazama nyuma, haina msalaba hata mmoja. Ni mistari mifupi iliyosimama, safu kwa safu. Akamwuliza kijana, "Sasa nishike hukumu ya upande gani?" Wanasema kijana alicheka mwenyewe, na mamake ndiye aliyenunua vitambaa vya Idi.

Kumtuliza nilimwonyesha katika simu yangu picha za darizi za Palestina, zile ambazo UNESCO ilizitia katika orodha yake ya urithi wa binadamu mwaka 2021. Wao huiita tatriz, neno lenye ukoo na tarizi yetu, na sehemu kubwa yake ni mshono huu huu wa kupishana. Wanawake wa vijijini huko waliweka katika vifua vya nguo zao miti ya misunobari, na pembetatu waliyoiita hijabu, yaani hirizi, na nyota yenye ncha nane waliyoiita mwezi, mwezi wa Bethlehem. Baada ya mwaka 1948 walipotawanyika kambini, mtu aliweza kumjua mwenziwe ametoka kijiji gani kwa kutazama gauni lake. Na katika intifada iliyoanza mwaka 1987, bendera ilipokuwa imekatazwa, wanawake waliishona kifuani.

Mama mdogo alivuta picha ya ule mwezi wa ncha nane mpaka ukajaa kioo. Alihesabu kwa ncha ya sindano, midomo ikicheza. "Hawa ni werevu," akasema. "Wamekwepa mviringo. Mistari yote imenyooka au inakwenda upande, hakuna ngazi ya kukusumbua." Kisha akainuka kwa tabu, akaenda kunawa, akaleta msahafu, akanionyesha pembeni mwa ukurasa alama ile ya robo hizbu: miraba miwili iliyopishana, ncha nane. Ni umbo lile lile, nami nimelipitia tangu chuoni bila kulitazama. Ile pembetatu ya hirizi aliipita bila kusema neno.

Bibi wa duka alipokuja, mama mdogo alimpa foronya mbili za kwanza bila kikaratasi, akamrudishia fedha za zile kumi, nyingine akizitoa katika akiba ya dawa ya goti. Hata hivyo hakumwacha hivi hivi. Alimwonyesha mchoro wake mwenyewe: anga ya Bondeni kama inavyoonekana magharibi mwezi wa Aprili baada ya magharibi, milima ya Mau kwa uzi mweusi, dau la mwezi juu yake, Zuhura pembeni, na kilimia juu zaidi kikijiandaa kuzama na mvua. Akamwambia, hiki nitakushonea 12 kwa bei ile ile. Bibi alikitazama, akasema mwezi uliolala wateja watadhani ni ndizi. Wakaagana kwa heshima. Karo ya muhula ule ililipwa kidogo kidogo, na mtoto alirudishwa nyumbani mara mbili.

Nilitaka kumpa fedha, akakataa. Mpwa hatoi sadaka kwa mama yake wakati mama ana mikono, alisema. Basi nikanunua kile kitambaa, kwa bei ya bibi wa duka, wala hakunipunguzia hata senti.

Sasa kimetundikwa sebuleni kwangu. Mke wangu amekisifu, ila amesema kilimia kina kasoro, maana nyota zake zinajulikana kuwa saba na hapa ziko sita. Nimempigia mama mdogo simu. Amesema ameshona anazoziona, na kama huko Mombasa kuna ya saba, nitoke nje nikaitafute.