Mtoto wa chaza si buu

Majuzi rafiki yangu aliyeko Pwani aliniomba nimkagulie kijitabu cha mafunzo kuhusu kulea chaza na kombe katika maabara. Nilikisomea nyumbani, hapa Masinga. Kila palipotajwa mtoto wa chaza aliyetoka kwenye yai, mtafsiri alikuwa ameandika "buu". Nikamsomea jirani yangu, mvuvi wa bwawani. "Sasa mwalimu," akaniuliza, "maji yakiingia mabuu si yanamwagwa?"

Hatari iko hapo. Kwa watu wengi buu ni la kuoza: la nyama, la choo. Msomaji akifuata maana anayoijua, atamwaga kizazi kizima. "Kiluwiluwi" nacho kishachukuliwa na mbu na chura. "Lava" inakubalika, ila aliyesoma jiografia atakumbuka uji wa moto wa volkano.

Mimi naona tumtazame kiumbe mwenyewe kwanza. Yai la chaza likirutubishwa, kwa muda wa siku moja hivi huwa kidude kinachoogelea kwa mkanda wa vinyweleo. Kisha huota magamba mawili yenye umbo la herufi D. Kati ya magamba hayo hutokeza utando mpana wa kuogelea na kukusanyia chakula, yaani mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao maabara humwotesha kando na kumlisha. Wanasayansi humwita veliga, kutokana na neno la Kilatini "velum", tanga. Mbeba tanga! Lugha iliyokulia kwenye majahazi inakosaje jina hapo? Baada ya wiki mbili tatu huota mguu, hutafuta pa kukaa, na tanga hutoweka. Chaza hujigandisha hapo asibanduke tena.

Jirani alicheka. Tangu bwawa hili likamilike mwaka wa 1981, anasema, hajaona tanga humu. Na kweli, kome wengi wa maji baridi hawapitii hatua hiyo. Geoffrey Fryer, aliyefanya utafiti Jinja, Uganda, alieleza mwaka wa 1961 jinsi mtoto wa kome aitwaye Mutela bourguignati anavyojishikiza kwa samaki na kumnyonya hadi aweze kujitegemea. Anayetaka kumlea huyo maabarani sharti afuge na samaki.

"Ala! Huyo ni kupe," jirani akasema.

Nimeliandika pembeni. Katika kijitabu cha Pwani nimefuta "buu" nikaweka "mbeba tanga".