Mivukuto ya Mpira Kwenye Tezi ya Boti: Kinachoichakaza na Namna ya Kuitunza

Katika boti inayoendeshwa kwa stendraivu, injini hufungwa ndani ya chombo karibu na tezi, lakini rafadha huwa nje, imebebwa na mguu wa alumini ulioning'inia nyuma ya boti, na ili nguvu ya injini ifike kwenye mguu huo hapana budi ukuta wa tezi utobolewe. Tundu hilo kwa kawaida huwa chini ya usawa wa maji. Kinachoizuia bahari isiingie humo ni mvukuto, yaani mkono wa mpira wenye mikunjo, uliofungwa kwa klipu upande mmoja kwenye ukuta wa tezi na upande wa pili kwenye mguu, na ambao unene wake ni wa milimita chache tu. Kwa hiyo utunzaji wa mpira katika boti ya aina hii haustahili kuachwa uwe kazi ya mwisho baada ya injini kushughulikiwa, kwa kuwa injini ikiharibika boti husimama, ilhali mvukuto ukipasuka boti huweza kuzama ikiwa imefungwa gatini.

Mfumo wenyewe uliingia sokoni mwaka 1959, wakati kampuni ya Volvo Penta ya Sweden ilipoonyesha Aquamatic katika maonyesho ya boti mjini New York, kifaa kilichotokana na usanifu wa mhandisi Mmarekani Jim Wynne. Sifa yake kubwa ni kwamba mguu mzima hugeuka kulia na kushoto ukawa ndio usukani, na tena huinuliwa boti inapokaribia maji haba. Shafti inayopita kati ya injini na mguu hulazimika kuzunguka huku ikipinda, kazi inayowezekana kwa sababu ya viungo vya chuma ambavyo mafundi huviita krosi, na mvukuto mkuu huzifunika krosi hizo zibaki kavu. Pembeni yake huwapo mvukuto mwembamba unaofunika kebo ya gia, ambao kwa udogo wake husahaulika mara nyingi, ingawa nao ukitoboka huingiza maji ndani. Katika miundo mingi upo pia mvukuto wa tatu, unaopitisha moshi wa injini. Huo ukipasuka boti haizami, lakini moshi hutoka karibu zaidi na watu walioketi nyuma.

Ili kuelewa kwa nini mpira huchakaa hata boti isipotumika, inafaa kuanza na umbile lake. Mpira asilia, unaotokana na utomvu wa mti wa Hevea, ni mkusanyiko wa molekuli ndefu mno zilizojisokota, ambazo zikivutwa hunyooka na zikiachiwa hurudi kujikunja. Ukiwa mbichi hunata katika joto na kukakamaa katika baridi, na ulibaki hivyo mpaka mwaka 1839, Charles Goodyear alipogundua nchini Marekani kwamba ukipashwa moto pamoja na salfa, atomi za salfa huzifunga molekuli hizo moja kwa nyingine, na mpira ukawa imara pasipo kupoteza mnyumbuko wake. Hata hivyo salfa haikuondoa udhaifu mmoja wa msingi. Katika kila molekuli, kwa mpangilio unaojirudia, atomi mbili za kaboni hushikana kwa muungano maradufu, na hapo ndipo ozoni, gesi ambayo kila molekuli yake ina atomi 3 za oksijeni, huingia na kuukata mnyororo. Ozoni hiyo haihitaji kuwa nyingi: sehemu chache katika kila sehemu milioni 100 za hewa zinatosha kuupasua mpira asilia, mradi mpira huo uwe umevutwa.

Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote kwa mwenye boti. Mpira uliolegea hukaa katika hewa ileile kwa muda mrefu bila kupata ufa, lakini ukivutwa hata kwa asilimia chache tu, minyororo iliyokatika huachana, ufa hufunguka, ndani ya ufa hujitokeza mpira mpya usiokuwa na kinga, na ozoni huendelea na kazi. Ndiyo maana nyufa za ozoni hukata mkabala wa upande unaovutwa. Mguu wa stendraivu unapoinuliwa, mikunjo ya upande wa juu hubanwa na ile ya chini hutanuka. Na boti ikiachwa hivyo kwa miezi, iwe juu ya trela au majini, mvukuto huzeeka katika mkao mbaya kupita yote. Mguu unapaswa kushushwa na kunyooshwa kila boti inapowekwa, ili mikunjo yote ipumzike. Kinachohesabiwa na mpira ni muda na mvuto, wala si saa za injini, na boti iliyosafiri mara chache mwaka mzima haina sababu ya kuaminiwa zaidi kuliko ile inayotoka kila siku.

Wanakemia hawakukaa kimya mbele ya udhaifu huu. Mwaka 1931 kampuni ya DuPont ya Marekani ilitangaza mpira wa kutengenezwa uliokuja kujulikana kwa jina la neoprini, ambao una atomi za klorini karibu na miungano yake maradufu, na kwa hiyo huvumilia ozoni na mafuta vizuri kuliko mpira asilia; ni miongoni mwa aina zinazotumiwa sana katika vifaa vya baharini. Watengenezaji huchanganya pia masizi ya kaboni, ambayo huuimarisha mpira na kuukinga na mionzi ya jua, na mara nyingi nta maalumu inayopenya polepole kutoka ndani hadi juu na kufanya utando dhidi ya ozoni. Kuupangusa mvukuto kwa petroli au dizeli, desturi inayoonekana kuwa usafi, huiondoa nta hiyo na tena huufanya mpira uvimbe na kulainika, kwa sababu molekuli za mafuta ya petroli hufanana vya kutosha na za aina nyingi za mpira hata zikaweza kujipenyeza kati yake. Maji matamu na sabuni laini yanatosha. Akitaka kuupaka kitu, mwenye boti atumie dawa ya silikoni iliyokusudiwa mpira, na grisi ibaki kwenye vyuma.

Vitabu vya matengenezo vya mifumo hii viliandikwa zaidi kwa nchi ambako majira ya baridi huilazimisha boti kutoka majini, na hapo ukaguzi wa mwaka hufanyika karibu wenyewe. Katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako mashine za kupachika nyuma ni nyingi kuliko stendraivu, hakuna majira yanayomlazimisha mtu. Maji huwa ya uvuguvugu mwaka mzima, chaza wadogo na viumbe wengine wenye magamba makali hujishikiza kwenye mikunjo bila kupumzika, na mguu unapogeuzwa au kuinuliwa magamba hayo huukata mpira kwa ndani ya kunjo, mahali jicho lisipofika. Joto nalo huharakisha uchakavu, kwani kwa makadirio ya kawaida athari nyingi za kikemia huongezeka kasi takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 za Selsiasi. Mabaharia wa majahazi walikuwa na kalenda yao: vyombo vilipwelezwa wakati wa bamvua, vikatiwa kalafati na kupakwa deheni kabla ya msimu kuanza. Boti ya stendraivu inahitaji tarehe ya namna hiyo, na masika, bahari inapochafuka na safari kupungua, ni wakati unaofaa.

Siku hiyo ya ukaguzi mguu huinuliwa na kugeuzwa pande zote mbili, na kila kunjo hufunguliwa kwa vidole, tochi ikimulikwa ndani, kwa kuwa ufa huanzia chini ya kunjo na si kwenye ukingo wake. Sauti ya kuguruma inayosikika mguu unapogeuzwa wakati injini inafanya kazi mara nyingi huonyesha kwamba beringi ya shafti imeanza kula kutu, na sababu ya kwanza ya kuchunguzwa ni mvukuto unaovuja. Oili ya gia iliyogeuka rangi kama maziwa huonyesha maji yamepita kwenye sili, yaani pete za mpira zinazobana shafti, na nyuma ya rafadha hukutwa mara nyingi mshipi wa kuvulia uliojizungusha na kuikata sili. Impela, gurudumu la mpira linalovuta maji ya kupoza injini, hutegemea maji hayohayo kuyalainisha mabawa yake, hivyo injini ikiwashwa nchi kavu bila bomba la maji mabawa huungua kwa muda mfupi sana. Yakikatika, kila kipande lazima kitafutwe, kwa sababu kinachokosekana huwa kimeziba njia ya maji mahali fulani mbele.

Mvukuto hauzibwi kwa kiraka wala kwa gundi ya mabomba. Hubadilishwa mzima kwa muda uliowekwa na mtengenezaji, na pale maji yanapokuwa ya joto ni busara kuuwahi muda huo. Kabla ya kuufunga mpya, sehemu za alumini zinazoupokea husuguliwa mpaka unga mweupe wa kutu uishe, klipu mpya za chuma cha pua huwekwa, na gundi hutumiwa pale tu mtengenezaji anapoagiza. Boti ikirudishwa majini, mguu huinuliwa hadi mwisho na kushushwa, hugeuzwa kulia na kushoto, kisha chombo huachwa kikielea kwa saa kadhaa kabla ya ngama, sehemu ya chini kabisa ambamo maji hukusanyika, kufunguliwa na kukaguliwa. Ikiwa na maji, boti hutolewa nje siku hiyohiyo na klipu zote hufunguliwa upya.