Adhabu Nje ya Kuta (2): Afisa Uangalizi Akifika Kihambani

Wiki iliyopita tulimwacha kijana wetu kizimbani. Ni kijana wa kufikirika, nimemtunga ili sheria ipate uso, lakini kosa kama lake si geni katika mahakama za Mkoa wa Kilimanjaro. Usiku alikata mikungu 3 ya ndizi katika shamba la baba yake mdogo, akaiteremsha hadi barabarani na kuiuza alfajiri kwa wachuuzi waliokuwa wakienda soko la Mwika. Amekiri. Hakimu hajatamka adhabu. Amesema anataka kwanza kumjua huyu ni mtu wa namna gani. Basi jalada limetoka mezani pake na kwenda kwa afisa uangalizi.

Kabla ya kumfuata afisa huyo, tuondoe mkanganyiko mmoja. Mitaani kila aliyehukumiwa akaonekana nyumbani husemwa kapewa "kifungo cha nje", kumbe jina hilo limebeba mambo mbalimbali. Yuko anayeachiwa kwa sharti tu la kutotenda kosa kwa muda fulani. Huyo hana wa kumtembelea. Yuko anayewekwa chini ya amri ya uangalizi, kwa sheria tuliyoirithi tangu enzi za ukoloni, ambayo leo ni Sura ya 247: hafungwi, ila kwa muda usiozidi miaka 3 anaishi huku afisa akimfuatilia na masharti ya mahakama yakimwongoza. Yuko anayeufanyia umma kazi bila malipo chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, inayohusu makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3, au ambayo mahakama imeona hakistahili kuzidi hapo. Na yuko wa parole, ambaye tayari ametumikia sehemu ya kifungo gerezani. Sheria yake ni ya mwaka 1994, na zamu yake ni wiki ijayo.

Wengi walianza kusikia habari za adhabu hizi za nje Mei 2018, pale msanii wa filamu Elizabeth Michael, maarufu kama Lulu, alipobadilishiwa sehemu iliyobaki ya kifungo chake cha miaka 2 ikawa huduma kwa jamii. Maneno yalikuwa mengi, na mengi yalitoka kwa watu walioamini kwamba ameachiwa. Hakuachiwa. Alibadilishiwa mahali na namna ya kuitumikia adhabu yake, na angeyavunja masharti, mlango wa gereza ulikuwa palepale.

Sasa twende Mwika. Afisa uangalizi ni mtumishi wa Idara ya Huduma za Uangalizi, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, lakini hana sare wala pingu. Anapanda gari Moshi mjini, anafika Himo, anakwea hadi Marangu Mtoni, anapita Mamba na kushuka Mwika. Kuanzia hapo ni miguu, kwenye vijia vya udongo mwekundu vilivyozungushiwa ua wa masale pande zote mbili. Anapita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, maana mgeni haingii kihambani kwa watu, yaani kwenye shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, bila kutambulishwa. Akifika, mama wa nyumba husalimiwa "Shimbonyi" kabla daftari halijafunguliwa, na asiyelijua hilo ataondoka na majibu ya ndiyo na hapana tu.

Anachokuja kukitafuta kinaitwa ripoti ya uchunguzi wa kijamii, nami nashikilia kwamba hiyo ndiyo roho ya kazi yote. Ufagio tutakaouona baadaye ni matokeo yake tu. Afisa hodari anatazama kabla ya kuuliza. Kahawa imepogolewa au imeachwa ikawa vichaka? Ng'ombe wa zizini yupo, na nani humpandishia majani kutoka tambarare? Kijana analala wapi? Tuseme analala kwenye kibanda cha mabanzi pembeni ya zizi, mlango wake ukielekea mgongo wa nyumba ya wazazi. Ndani kuna kitanda, ndoo, na begi ambalo halijawahi kufunguliwa likapangwa, kama la mtu anayengoja kuondoka. Hapo swali la kuuliza si "kwa nini umeiba?" Ni "wewe ni mtoto wa ngapi?"

Kwa Wachaga swali hilo ni zito. Kwa mila, kifungua mimba hukatiwa sehemu yake, na kitinda mimba hubaki na nyumba ya wazazi na kihamba chake. Wa katikati zamani walikwenda kufungua vihamba vipya. Leo upya huo haupo: juu ni msitu wa hifadhi, chini ni tambarare kame yenye wenyewe. Mwanaanthropolojia Sally Falk Moore, ambaye kitabu chake juu ya sheria na mila za Kilimanjaro kilitoka mwaka 1986, alionyesha jinsi uhaba wa ardhi ulivyoigeuza mirathi hii kuwa chimbuko la ugomvi kati ya ndugu. Kijana wetu ni wa tatu kati ya wavulana watano. Baba mdogo aliyeibiwa analima kipande ambacho kijana amekua akiambiwa kingekuwa chake. Simtetei, wizi ni wizi, na baba mdogo ana haki ya ndizi zake. Lakini hakimu asiyelijua hilo atamhukumu mwizi wa ndizi, na mwaka kesho atakutana naye tena kizimbani kwa panga.

Mzigo mkubwa zaidi wa afisa ni kwamba mkosaji na aliyekosewa watabaki majirani. Mjini mtu huhama chumba. Kihamba hakihami. Na hapa mlima una hazina ambayo hakuna idara iliyoibuni: jani la isale, mmea uleule wa kandokando ya vijia. Aliyekosa humtuma mzee na jani hilo kwenda kwa aliyekosewa, na kulikataa ni jambo zito ambalo watu wa heshima hawalifanyi. Afisa hana mamlaka ya kuamuru isale lipelekwe, ila anaweza kuuliza, mbele ya baba na wajomba, kama limepelekwa. Akikuta limekwenda, likapokewa, na ndizi zimeanza kulipwa, hilo linastahili aya nzima katika ripoti.

Ila niseme wazi ninaloliogopa. Isale likitumika vibaya linafunga mdomo wa mnyonge. Mke aliyepigwa anaweza kuzungukwa na wazee wa ukoo hadi apokee jani ambalo moyo wake haujalipokea. Kwa hiyo aliyekosewa aulizwe peke yake, mbali na wazee, na jibu lake liandikwe kama alivyolitoa. Ripoti iliyoandikwa kwa kumsikiliza mwenye sauti kubwa peke yake ni bora isiandikwe.

Kwenda kumuuliza mtu kwanza si jambo jipya. Wazo la uangalizi lilianzia kwa fundi viatu. Agosti 1841, mjini Boston, Marekani, John Augustus alikuwa amekaa mahakamani wakati mlevi mmoja alipoletwa. Akamwekea dhamana, akamwapisha kwamba hatakunywa tena, na baada ya wiki 3 akamrudisha mbele ya hakimu akiwa mtu mwingine. Hakimu akamtoza senti 1 na gharama za kesi. Hadi anafariki mwaka 1859, Augustus alikuwa amewadhamini watu karibu 2,000. Hakuwa na ofisi. Alichokuwa nacho ni mazoea ya kwenda kuuliza mtu anaishi na nani, anafanya kazi gani, anakunywa wapi.

Hapa Moshi nasi tuna viatu vyetu. Gereza Kuu la Karanga linajulikana nchi nzima kwa kiwanda chake cha viatu, na ufundi huo ni jambo la kujivunia. Lakini mfungwa wa miezi 4 hapati muda wa kuiva katika ufundi wowote. Anapata muda wa kuzoeana na waliobobea katika uhalifu. Desemba 9, 2019, Rais John Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533 kwa mkupuo mmoja, katika sherehe za Uhuru zilizofanyika Mwanza. Msamaha ni neema, ila unakuja baada ya mtu kukaa ndani. Uangalizi unamfikia kabla hajaingia.

Basi afisa anaandika pendekezo lake, na katika masharti ndipo ujuzi wa mahali unapoonekana tena. Kumwandikia kijana wa Mwika "asiguse pombe" ni kumtoa katika shughuli zote za ukoo, kwa kuwa mbege, pombe yetu ya ndizi, ipo kwenye posa, ipo kwenye matanga, ipo wazee wanapopatana. Atalivunja sharti hilo Jumapili ya kwanza. Afisa anayejua atataja kinachomharibu hasa: gongo, ambayo sheria ya mwaka 1966 inaiita "moshi", na vibanda ambako inauzwa usiku.

Halafu kuna suala la kazi yenyewe, endapo mahakama itachagua huduma kwa jamii. Kufagia, kufyeka, kuchimba mtaro: kazi hizi Mwika si ngeni, watu huzifanya kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, tena kwa hiari na kwa wimbo. Kwa hiyo kazi yenyewe haimwaibishi mtu. Kinachouma ni kuifanya peke yake, siku ambayo wengine hawakuitwa, huku msimamizi akijaza daftari la mahudhurio. Uchungu huo unatosha. Hakuna haja ya kuongeza matusi, na msimamizi anayemgeuza mkosaji kuwa kibarua wa shamba lake binafsi anaiibia mahakama.

Wapi apelekwe? Shule ya msingi iko karibu zaidi, lakini wadogo zake 2 wanasoma hapo, na adhabu ya kaka isiwe jina la utani la wadogo darasani. Afisa anapendekeza zahanati.

Siku ya hukumu hakimu anasoma ripoti yote, kisha anafanya ambalo sheria inamtaka afanye: anamweleza kijana masharti kwa lugha nyepesi, na kumweleza kwamba akiyavunja ataitwa na kuadhibiwa kwa kosa lilelile la mwanzo. Kisha anamuuliza kama anakubali, kwa sababu bila ridhaa yake amri hii haitolewi. Nyuma kabisa ya ukumbi baba mdogo amekaa na kofia yake magotini, akingoja kusikia jibu. Kijana anamtazama hakimu, anageuka nyuma kidogo, anasema anakubali.