Kuchua Shingo na Mabega: Lini Hufaa, Lini Hudhuru



Kazi nyingi za mpakani huelemea mabega. Mchukuzi hubeba magunia, mama huja sokoni na mzigo kichwani, dereva wa lori hukaa kitini saa nyingi akingoja kuvuka. Waendesha bodaboda, ambao jina la kazi yao lilizaliwa papa hapa mpakani enzi za baiskeli, hushika usukani tangu alfajiri. Ifikapo jioni, wengi hulalamika kuwa shingo imekaza.

Sababu yake si ngumu kueleweka. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takriban kilo 5, nacho hubebwa na pingili 7 za shingo zikisaidiwa na misuli inayoshuka kutoka kisogoni hadi mabegani. Misuli hiyo ikikaa katika mkao mmoja kwa muda mrefu, huchoka, hukaza na kuuma.

Maumivu ya namna hiyo hupungua kwa kuchuliwa. Mgonjwa aketi, mikono yake ikiegemea meza. Awekewe mabegani kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza, kwa dakika 15. Kisha apakwe mafuta kidogo na kukandwa polepole kwa viganja, kutoka kisogoni kushuka mabegani, kwa dakika 10 hivi. Mchuaji asikandamize pingili zenyewe, wala sehemu ya mbele ya shingo ipitamo mishipa mikubwa ya damu. Nafuu hiyo ni ya muda. Mzigo usipopunguzwa na mapumziko yasipopatikana, maumivu hurejea.

Ipo desturi isiyofaa ya kuizungusha shingo kwa ghafla hadi ilie, kama wafanyavyo baadhi ya vinyozi. Kitendo hicho chaweza kuchana mshipa upelekao damu kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Mteja anayo haki ya kukataa.

Jambo ambalo Polisi inalisisitiza zaidi ni hili: shingo iliyoumia kwa ajali, kuanguka au kupigwa haichuliwi kamwe. Ikiwa pingili imevunjika, mkono wenye nia njema waweza kuumiza uti wa mgongo, na majeruhi akapooza maisha yake yote. Mkimkuta majeruhi barabarani, msimvute, msimkalishe, wala msimpakie kwenye bodaboda, isipokuwa pana moto au hatari nyingine ya papo hapo. Kofia ngumu isivuliwe maadamu anapumua vyema. Mmoja ashike kichwa chake kwa mikono miwili kisitikisike, na mwingine apige simu 999 au 112, namba zitumikazo Uganda na Kenya pia.

Aliyepigwa awahi hospitali, na tukio liripotiwe kituoni. Majeraha huandikwa na daktari katika Fomu ya Polisi namba 3 nchini Uganda, au P3 nchini Kenya. Anayechuliwa kwanza nyumbani akingoja kupona hupoteza muda wa tiba, na ushahidi hufifia.

Hali kadhalika, maumivu ya shingo yanayoambatana na ganzi au udhaifu wa mkono, homa na kuumwa kichwa sana, au kubanwa kifua, hayangoji mchuaji. Hayo ni ya daktari, siku hiyo hiyo.

Kabla ya kumgusa mtu shingo, basi, aulizwe kwanza: maumivu haya yameanzaje?