Uboreshaji wa Msimbo wa Kuthibitisha kuwa Mgeni wa Tovuti ni Binadamu: Mfano wa Mtumiaji wa Nsemulwa, Manispaa ya Mpanda

Makala haya yanafafanua namna msimbo unaothibitisha kuwa mgeni wa tovuti ni binadamu, yaani kapcha, unavyoweza kuboreshwa bila kumfungia nje mtumiaji halali. Mtumiaji anayezingatiwa ni mkazi wa kata ya Nsemulwa, Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu, ya ajira serikalini na ya usajili wa jina la biashara hufanyika sasa kwa njia ya mtandao, na mkazi huyo huyatuma kwa simu yake au kupitia duka la steshenari. Jaribio linalomshinda humkosesha haki, hata kama linawazuia roboti wote.

Neno kapcha lilibuniwa na Luis von Ahn, Manuel Blum, Nicholas Hopper na John Langford, ambao makala yao yalichapishwa mwaka 2003. Alan Turing, mwaka 1950, alipendekeza jaribio ambamo binadamu huipima mashine. Katika kapcha ni mashine inayompima binadamu. Kwa muda mrefu mgeni alitakiwa kusoma herufi zilizopindwa. Mwaka 2014 Google ilieleza kuwa programu yake iliweza kuzisoma herufi ngumu zaidi za aina hiyo kwa usahihi wa asilimia 99.8. Tangu hapo, hoja kwamba kuzipinda herufi zaidi huongeza usalama haina mashiko. Kinachoongezeka ni usumbufu kwa binadamu.

Udhaifu mkubwa haumo katika picha bali katika seva. Baadhi ya misimbo hukagua jibu ndani ya kivinjari pekee, au huficha jibu sahihi katika sehemu isiyoonekana ya fomu. Roboti haihitaji kuufungua ukurasa: hutuma fomu moja kwa moja, na ukaguzi huo huwa haujafanyika kabisa. Msimbo bora hutunza jibu katika seva na kulifuta baada ya jaribio la kwanza, liwe limefaulu au limeshindwa, ili jibu moja lisitumike mara elfu. Aidha, herufi zinazofanana na tarakimu, mathalani O na 0, ziondolewe, kwani humkanganya binadamu bila kumzuia roboti.

Suala la muda linahitaji uangalifu. Tokeni ya reCAPTCHA hudumu dakika mbili na huhakikiwa mara moja tu. Mwombaji anayejaza fomu ndefu akithibitishwa mwanzoni, tokeni yake itakuwa imekwisha muda kabla hajamaliza kuandika majina ya wazazi wake. Tokeni iombwe pale anapobonyeza kitufe cha kutuma, na uhakiki ukishindwa, taarifa alizojaza zibaki. Kumrudishia fomu tupu mtu anayelipia kifurushi cha data ni adhabu isiyo na kosa.

Tatizo zito zaidi ni anwani ya IP. Misimbo mingi huhesabu majaribio kwa kila anwani na kuifungia inayozidi kiwango. Hata hivyo, mitandao ya simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Mwaka 2012 kundi la anwani 100.64.0.0/10 lilitengwa rasmi kwa matumizi ya aina hiyo. Steshenari nayo huwahudumia waombaji kadhaa kwa muunganisho mmoja. Siku ya mwisho ya maombi, foleni ya wanafunzi dukani huonekana na seva kama roboti mmoja mwenye pupa. Hivyo basi, kikomo kihesabiwe kwanza kwa akaunti au namba ya maombi, na anwani ichukuliwe kama dalili tu: inapotiliwa shaka, mgeni aongezewe jaribio badala ya kufungiwa.

Mbadala wa picha una gharama zake. Kumtaka mgeni atambue bomba la zimamoto la kando ya barabara ni kupima uzoefu wa mitaa ya Marekani. Kukitaka kifaa kitatue hesabu nzito, wazo lililotumika katika Hashcash ya Adam Back mwaka 1997, huilemea simu ya bei nafuu kuliko kompyuta ya mshambuliaji. Kupima mwenendo wa mgeni kimyakimya, kama reCAPTCHA ya toleo la tatu ifanyavyo tangu 2018, humwondolea usumbufu, lakini hukusanya taarifa ambazo mwenye tovuti nchini Tanzania anapaswa kuzipima kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa mtu asiyeona, jaribio la sauti linalosomwa kwa Kiingereza pekee halitoshi. Sauti ya Kiswahili ni kazi ndogo, na kuikosa hakuna utetezi.

Tathmini ya msimbo kama huu haiwezi kuishia kwenye idadi ya roboti waliozuiwa. Seva irekodi pia waliokataliwa kisha wakafaulu baadaye kwa akaunti ileile, na msimbo ujaribiwe kwa simu ya kawaida yenye mtandao dhaifu kabla ya dirisha la maombi kufunguliwa.