Wingi wa makala si kipimo tosha cha mtafiti

MHADHIRI wa chuo kikuu anapoomba kupandishwa cheo, miongoni mwa maswali ya kwanza yanayomkabili ni haya: amechapisha makala mangapi, na ni watafiti wangapi walioyarejelea katika kazi zao?

Maswali hayo hayaulizwi Kenya pekee. Kote duniani, ajira, vyeo na fedha za utafiti hutolewa kwa kuzingatia hesabu hiyo. Yafaa basi umma uelewe inavyofanywa, na mahali inapokwama.

Kila mtafiti anapotaja makala ya mwenzake, makala hayo huhesabiwa kuwa yamerejelewa mara moja. Mmarekani Eugene Garfield ndiye aliyeanzisha, mjini Philadelphia, faharasa kubwa ya marejeleo ya kisayansi katika miaka ya 1960.

Mwaka 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipendekeza kipimo kinachounganisha wingi wa makala na marejeleo yake katika tarakimu moja. Tuseme mtafiti ana makala matano, yaliyorejelewa mara 10, 8, 5, 4 na 3. Kipimo chake ni 4, kwa kuwa ana makala manne ambayo kila mojawapo limerejelewa mara nne au zaidi.

Kipimo hicho ni rahisi, ila kina dosari. Hakishuki kamwe, hivyo humpendelea mkongwe dhidi ya chipukizi. Hakimtofautishi aliyeongoza utafiti na yule ambaye jina lake ni la ishirini katika orodha ya waandishi. Aidha, mtu aweza kuyarejelea makala yake mwenyewe, kwani mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Dosari kubwa zaidi inahusu wakati. Marejeleo hueleza kazi ilivyopokelewa hadi sasa. Hayawezi kueleza itakavyofaa kesho.

Mfano bora ni wa Katalin Karikó, mzaliwa wa Hungary aliyehamia Marekani mwaka 1985. Kwa miaka mingi alitafiti mRNA, molekuli inayobeba maagizo ya kuunda protini katika seli. Wengi waliona kazi hiyo haina mustakabali. Alikosa ufadhili, na mwaka 1995 Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kilicho mjini Philadelphia alikofanyia kazi Garfield, kilimshusha cheo.

Baadaye alishirikiana na Drew Weissman, mtaalamu wa kinga ya mwili. Tatizo lao lilikuwa kwamba mRNA iliyoundwa katika maabara ilipoingizwa mwilini, kinga iliitambua kama adui na kuishambulia. Waligundua kwamba kijenzi kimoja, uridini, kikibadilishwa kuwa sudouridini, kinga hutulia.

Jarida maarufu la Nature lilikataa makala yao. Yalichapishwa na jarida la Immunity mwaka 2005, mwaka ule ule Hirsch alipotoa kipimo chake. Hayakuzua msisimko mkubwa, na mwaka 2013 Karikó alijiunga na kampuni ya BioNTech ya Ujerumani.

Janga la Covid-19 lilipozuka, ugunduzi huo ulikuwa msingi wa chanjo za Pfizer-BioNTech na Moderna. Kenya nayo ilipokea shehena za chanjo hizo mwaka 2021. Mnamo Oktoba 2023, wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba, na leo makala yale yamerejelewa maelfu ya mara.

Sayansi iliyomo ndani yake haikubadilika hata chembe tangu 2005. Kilichobadilika ni idadi ya walioyasoma.

Hii haina maana kwamba hesabu za marejeleo zitupwe. Huwasaidia wasimamizi kupunguza upendeleo wa kujuana, na huonyesha kazi inayotumiwa na wengine. Lakini azimio lililoasisiwa San Francisco mwaka 2012 lilihimiza taasisi zipime utafiti kwa ubora wake, wala si kwa sifa za jarida lililouchapisha.

Kufanya hivyo kunadai jasho: jopo la kupandisha vyeo litalazimika kuyasoma makala yenyewe badala ya kuyahesabu tu. Asiyetaka kusoma huenda akamfukuza mtafiti ambaye taifa litamhitaji kesho. Kimya kingi kina mshindo mkuu.